Mwanga Usio na Mwenyewe

Kuna mwanga unaotoka katikati ya galaksi yetu ambao hadi leo haujapata mwenyewe. Hauonekani kwa macho. Ni miale ya gama, nuru yenye nishati kubwa kuliko nuru nyingine zote, na tangu mwaka 2009 umepimwa, ukapimwa tena, na kubishaniwa na watu wenye elimu kubwa na zana nzuri. Karibu wote wanakubali kwamba mwanga huo upo. Wasichokubaliana ni nani anayeuwasha.

Nimelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu na kwa mapenzi, kwa kuwa naliona lina swali zito ndani yake: mtu anajuaje kwamba alichokiona kipo kule alikotazama, na hakikutoka kwenye matumaini yake mwenyewe?

Tuanze na mahali penyewe. Katikati ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu hii, iko upande wa kundinyota la Mshale, ambalo wanafalaki wa pwani wamelijua kwa jina la Kausi. Sisi tunaokaa kusini kidogo ya ikweta tumependelewa. Kati ya Juni na Agosti, usiku unapokomaa, eneo hilo hupanda juu sana, si mbali na utosi, ilhali mtu wa London huliona chini kabisa, likiwa limeng'ang'ania ukingo wa upeo wa macho. Pale ndipo ule mkanda mweupe wa nyota unapokuwa mpana na mnene. Umbali wake ni takriban miaka ya nuru 26,000, na katikati pamekaa shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni 4 hivi, ambalo sura yake tulionyeshwa Mei 2022. Macho hayafiki huko, maana mawingu ya vumbi yameziba njia. Miale ya gama hulipenya vumbi hilo bila taabu, ila angahewa yetu huizuia isitufikie, hivyo anayetaka kuipokea sharti apande juu ya hewa.

Kazi hiyo inafanywa na setilaiti iitwayo Fermi, iliyorushwa kutoka Florida tarehe 11 Juni 2008. Huzunguka Dunia kwa dakika 95 hivi, kwenye kimo cha kilomita 500 hivi, na kwa mwinamo wa njia yake hupita hata juu ya vichwa vyetu Afrika Mashariki. Hebu tuifuate fotoni moja ya gama inapoingia ndani ya chombo hicho. Kwanza inakuta ganda la vigae vya plastiki. Chembe yoyote yenye chaji ikiligusa ganda hilo, plastiki humetameta na mgeni huyo hukataliwa. Fotoni haina chaji, kwa hiyo hupita kimya. Chini yake kuna matabaka ya karatasi nyembamba za chuma cha tungsteni. Ikishapita karibu na kiini cha atomu ya tungsteni, fotoni hutoweka, na mahali pake huzaliwa chembe mbili, elektroni na positroni, zikikimbia chini kwa njia mbili zilizopishana kidogo. Kati ya tabaka na tabaka kuna vipande vya silikoni vinavyoandika kila zilipokanyaga. Mwisho zinazama kwenye fuwele nzito, na fuwele hizo hupima nishati yote iliyoletwa. Kutokana na nyayo zile, kompyuta hukokotoa fotoni ilitoka wapi angani. Kila baada ya saa tatu hivi, chombo kinakuwa kimelipitia anga lote, kisha kinaanza tena.

Nimekaa kwenye maelezo hayo makusudi. Mtu anaposema ameiona miale ya gama, anachokisema hasa ni kwamba fotoni ilikufa, na yeye amesoma alama za watoto wake. Tena alama hizo hazioneshi mahali kwa usahihi mkubwa. Kwa fotoni yenye nishati ya elektronivolti bilioni moja, Fermi hukisia upande ilikotoka kwa upana wa karibu digrii moja, yaani pana kuliko mwezi mpevu tunavyouona angani. Nyota mbili zilizokaribiana ndani ya upana huo ni kitu kimoja tu kwake.

Na bado hatujafika kwenye ule mwanga wenyewe. Hakuna picha ya Fermi ambayo unaweza kuiwekea kidole na kusema, huu hapa. Mwanga wote huja kwa pamoja, na katikati ya galaksi ndipo penye gama nyingi kuliko popote pengine angani. Protoni zilizosukumwa na mabaki ya nyota zilizolipuka hugonga gesi, na mgongano huo huzaa chembe iitwayo paioni, isiyodumu, ambayo papo hapo hugawanyika kuwa fotoni mbili za gama. Elektroni zenye kasi hupita karibu na viini vya atomu, zikapinda, na kupoteza nishati kwa kutoa gama. Nyingine hugongana na fotoni dhaifu za mwanga wa nyota na kuzipandisha daraja. Darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia zilitangaza mwaka 2016 kwamba eneo hilo linarusha protoni zenye nishati inayofikia elektronivolti milioni bilioni moja, kwa hiyo ni mahali penye pilika kubwa hata kabla hatujaanza kuuliza maswali. Mtafiti hutengeneza kielelezo cha kila kimoja katika hivi vyote, akavitoa kimoja kimoja kwenye jumla, kisha akatazama kilichobaki. Kilichobaki ndicho hadithi yetu. Ni takriban sehemu moja ya kumi ya mwanga wa eneo hilo.

Wa kwanza kukitangaza walikuwa wawili: Lisa Goodenough, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha New York, na Dan Hooper wa maabara ya Fermilab. Oktoba 2009 waliandika kwamba baada ya kutoa vyote walivyovijua, ulibaki mwanga uliokizunguka kitovu cha galaksi, uliokolea katikati na kufifia kwa mpangilio kila upande, huku nguvu yake ikifikia kilele kwenye nishati ya elektronivolti bilioni moja hadi tatu. Wakapendekeza kwamba huenda ni maada ya giza.

Ili kuelewa kwa nini pendekezo hilo liliwasha mioyo, ni lazima tukumbuke deni la zamani. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alizipima kasi za galaksi katika kundi la Coma na kukuta zinakwenda mbio kupita kiasi. Maada inayoonekana haikutosha kuzishika pamoja. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walikuta nyota za pembezoni mwa galaksi ya Andromeda zikizunguka kwa kasi ileile ya zile za ndani, jambo lisilowezekana iwapo uzito wote ni wa nyota na gesi tunazoziona. Tangu hapo ushahidi umeongezeka mpaka wengi wa wanafizikia wanaamini kwamba sehemu kubwa ya maada ya ulimwengu haitoi mwanga wala haizuii mwanga, nayo ndiyo iitwayo maada ya giza. Chembe yake haijawahi kukamatwa. Lakini ipo nadharia moja nzuri: chembe mbili za namna hiyo zikikutana huangamizana, na kwenye maangamizi hayo huzaliwa chembe za kawaida zinazoishia kutoa gama. Maangamizi yangekuwa mengi mahali palipo na msongamano mkubwa zaidi, na mahali hapo ni kitovu cha galaksi. Mwanga ungekolea katikati na kufifia kwa mpangilio kila upande. Ndicho walichokiona Goodenough na Hooper.

Mwaka 2014 watafiti saba, Hooper akiwa mmojawapo, walilipima jambo hilo upya kwa data nyingi na bora zaidi. Ziada, yaani ule mwanga uliobaki, ilizidi kung'ara. Ilienea zaidi ya digrii kumi kutoka kitovuni, ilikuwa karibu mviringo kamili, na ililingana na chembe yenye uzito wa protoni thelathini na kitu hadi arobaini. Mtu angeweza kusema kwamba kitu kilichosakwa tangu siku za Zwicky sasa kina uzito na mahali. Natamani wasomaji wahisi uzito wa wakati ule. Maisha ya kitaaluma ya watu wengi, maabara zilizochimbwa chini ya milima, vizazi viwili vya wanafunzi, vyote vilikuwa vikilingoja neno hilo.

Sisi Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Katika fani hii msemo huo una hatari, na mfano wake ulikuwa mbichi kabisa. Kabla ya Fermi kulikuwa na setilaiti ya Compton, iliyofanya kazi tangu 1991 hadi 2000, na ndani yake chombo cha gama kiitwacho EGRET. EGRET nayo ilionyesha ziada kwenye nishati zilezile, tena karibu kila upande wa anga, na mwaka 2005 walitokea wanasayansi walioifafanua kuwa ni maada ya giza. Fermi ilipofika juu na kutazama anga lilelile kwa jicho bora, ziada ile haikuwapo. Kinachoelekea zaidi kuwa chanzo chake ni chombo chenyewe. Kila aliyeandika juu ya kitovu cha galaksi baada ya hapo alikuwa na kivuli hicho mgongoni.

Mtuhumiwa wa pili si mgeni kwa wanaastronomia. Mwaka 2011 Kevork Abazajian alionyesha kwamba mwanga huo unaweza kuwa wa pulsa za milisekunde. Pulsa ni maiti ya nyota kubwa: uzito unaozidi wa Jua umebanwa kwenye tufe lenye upana wa kilomita 20 na ushei, lenye usumaku mkali, likizunguka na kurusha miali angani. Jocelyn Bell aliigundua ya kwanza mwaka 1967. Pulsa ikizeeka hupunguza mwendo, isipokuwa ikiwa na mwenzake. Nyota jirani ikiimwagia gesi, pulsa kongwe hupewa kasi upya mpaka ikazunguka mara mamia kwa sekunde. Ya kasi zaidi inayojulikana huzunguka mara 716 kila sekunde, nayo iko kwenye fungu la nyota la Terzan 5, upande uleule wa kitovu. Kabla ya Fermi, pulsa zilizojulikana kwa hakika kutoa gama hazikufika 10. Orodha ya mwaka 2023 ina takriban 300, na karibu nusu ni za milisekunde. Ukichora nishati za gama zao, kilele kinaangukia kwenye elektronivolti bilioni moja hadi tatu. Yaani palepale.

Kwa hiyo tuna watuhumiwa wawili wenye alama za vidole zinazofanana. Mmoja angebadilisha vitabu vyote vya fizikia. Mwingine ni umati wa maelfu ya nyota zilizokufa, ambazo zingetufundisha mengi kuhusu uzee wa galaksi yetu, ingawa hakuna atakayelia kwa furaha.

Kuna wa tatu pia, nami nitampitia haraka. Mwaka 2010 Meng Su, Tracy Slatyer na Douglas Finkbeiner waligundua kwenye data za Fermi mapovu mawili makubwa ya gama, moja juu na moja chini ya bapa la galaksi, kila moja likipanda miaka ya nuru 25,000 hivi. Ni dalili kwamba huko nyuma kitovu kiliwahi kufoka. Basi wapo wanaouliza kama mwanga wetu nao ni masalio ya mfoko mmojawapo, elektroni zilizotapikwa karibu na shimo jeusi na kutawanyika. Udhaifu wa hoja hii ni kwamba elektroni hupoteza nishati kadiri zinavyosafiri, hivyo rangi ya mwanga ingebadilika kutoka ndani kwenda nje, na mabadiliko kama hayo hayaonekani vizuri.

Turudi kwa wawili wale. Unawezaje kuwatofautisha iwapo jicho lako halioni nyota moja moja? Mtu aliyesimama ufukweni usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa wamewasha karabai zao mbali baharini, huona utando mmoja wa mwanga juu ya maji. Taa hazihesabiki kwa umbali ule. Lakini akikaza macho ataona kwamba utando haukutandazwa sawasawa: hapa umekolea, pale umefifia, kwa kuwa nyuma yake kuna taa, na taa zina mahali. Mwanga wa mbalamwezi kwenye bahari hiyohiyo haukolei kwa madoadoa. Pulsa ni karabai, maada ya giza ni mbalamwezi. Hivyo ukihesabu fotoni katika kila kipande kidogo cha anga, ukachunguza jinsi hesabu zinavyopanda na kushuka kupita kiasi cha bahati tu, unaweza kuamua ni ipi.

Mwaka 2016 makundi mawili yalifanya hesabu za namna hiyo kwa mbinu tofauti, na matokeo yakachapishwa kwa pamoja. Yote mawili yalisema: madoadoa yapo. Slatyer alikuwa katika kundi mojawapo, yeye ambaye pia alikuwa miongoni mwa wale saba wa 2014. Wengi walihesabu kesi imekwisha. Maada ya giza iliwekwa kando, na habari ikapoa.

Miaka mitatu baadaye Slatyer na Rebecca Leane, wote wakiwa katika chuo cha MIT, walifanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha hadithi yote hii. Walichukua data halisi za Fermi, wakachanganya humo mwanga wa bandia wa maada ya giza walioutengeneza wenyewe, laini kabisa, usio na doa hata moja. Kisha wakaipa mbinu ileile ya 2016 kazi ya kuutafuta. Mbinu haikuuona. Mwanga ule walioutia kwa mikono yao ulihesabiwa kuwa wa pulsa. Hata walipoongeza kiasi chake kikawa kikubwa, bado ulipewa wenyewe wasio wake. Mwaka uliofuata wakaeleza sababu mojawapo: kielelezo kikipotoka kidogo, mathalani mwanga wa kaskazini na wa kusini ukiwa haulingani huku hesabu ikilazimisha ulingane, mbinu hujaribu kuziba pengo hilo kwa kuzua nyota zisizokuwepo. Wakati huohuo kundi jingine lilirudia ile mbinu ya pili ya 2016, safari hii likiwa na orodha mpya ya nyota za gama. Walipoziondoa zilizokwisha kutambuliwa, madoadoa yalipungua sana na ziada ikabaki palepale.

Nalipa jambo hili uzito mkubwa kwa sababu ni adimu. Kutafuta kosa la mwenzako ni kazi ya kawaida ya mwanasayansi, na ni kazi njema. Kuzika kitu mwenyewe, ukajua kimelala wapi, kisha ukaipeleka mbinu iliyokupatia sifa ikakitafute mbele ya watu, huo ni uadilifu wa daraja nyingine. Slatyer hakuwa na sababu ya kufanya hivyo isipokuwa kutaka kujua. Na alichokipata hakikuwa ushahidi kwamba maada ya giza ipo. Alikuwa amepata tu kwamba hukumu ya awali haikuwa na haki ya kutolewa. Watu wengi hawana subira na ushindi wa aina hiyo. Mimi nauhesabu kuwa mkubwa kuliko ugunduzi wenyewe, kwa kuwa unaulinda kila ugunduzi utakaofuata.

Mabishano yalihamia kwenye umbo. Nyota kongwe za katikati ya Njia Nyeupe hazikujipanga kama mpira. Zimekaa kama sanduku, na kutoka upande fulani kama ganda la karanga. Mwaka 2018 watafiti kadhaa walionyesha kwamba mwanga wa ziada unalifuata umbo hilo vizuri zaidi kuliko mviringo. Pulsa ni masalia ya nyota, hivyo lazima zikae walikokaa wazee wenzao, na hoja ikaziegemea. Wengine walipotumia vielelezo tofauti vya gesi wakaupata tena mviringo. Kisha mwaka 2025 Moorits Muru, Joseph Silk na wenzao wakatumia mifano ya kompyuta ya jinsi galaksi kama yetu inavyojengeka kwa kumeza nyingine ndogo, wakakuta kwamba hata maada ya giza katikati yake haipaswi kuwa mviringo. Nayo hubanwa bapa. Yaani kipimo kilichodhaniwa kutenganisha wawili hao hakitenganishi vizuri.

Maada ya giza ina deni jingine. Njia Nyeupe imezungukwa na galaksi vibete, kama Draco, zenye nyota chache na maada ya giza nyingi kwa uwiano. Humo hakuna pulsa za kutosha kutuchanganya. Iwapo chembe za giza zinaangamizana kitovuni, zingepaswa kuangamizana huko pia, na Fermi imezitazama kwa miaka mingi bila kupata mwanga wa kutangaza. Chini ya ardhi, vyombo vya LZ huko South Dakota na XENONnT huko Gran Sasso nchini Italia, vilivyojaa tani za zenoni ya majimaji, vinangoja chembe hiyo igonge atomu. Haijagonga. Pulsa nazo zina deni lao. Maelfu yao yangehitaji maelfu ya wazazi, zile nyota jozi zinazong'ara kwa eksirei wakati gesi inapomwagwa, na hizo hazionekani kwa wingi unaotakiwa. Mwaka 2022 lilitolewa jibu moja zuri, kwamba kibete cheupe kikilemewa na gesi kinaweza kuporomoka moja kwa moja kikawa pulsa bila kupitia njia hiyo ya eksirei. Ni jibu linalowezekana, nalo lingali likisubiri kuthibitishwa.

Nikitakiwa niseme ninavyoona, naegemea pulsa. Tunajua zipo, tunajua zinatoa gama ya nishati hiyo, na ni busara kumshuku jirani anayejulikana kabla ya mgeni asiyewahi kuonekana. Lakini kuegemea si kujua. Jina la pulsa lisikubaliwe kwa sababu tu linatutuliza, na jina la maada ya giza lisikubaliwe kwa sababu tu tumelingoja tangu enzi za babu zetu.

Jambo linalonipa moyo ni kwamba mmoja wa watuhumiwa hawa anaweza kukamatwa. Pulsa haitoi gama peke yake. Hutoa pia mawimbi ya redio, kwa mapigo yenye mpangilio usiokosea. Darubini ya redio yenye nguvu ya kutosha inaweza kusikiliza eneo lile na kuzitenga moja baada ya nyingine, jambo ambalo Fermi kamwe haitaweza. Kazi hiyo ni ngumu, maana gesi ya katikati huyatawanya mapigo kabla hayajafika. Lakini chombo kinachofaa kipo barani kwetu. MeerKAT, sahani 64 kwenye nyika ya Karoo nchini Afrika Kusini, ilizinduliwa Julai 2018, na picha iliyoonyeshwa siku hiyo ilikuwa ya kitovu hichohicho. Mwaka 2024 ilisaidia kugundua pulsa mpya 10 ndani ya Terzan 5. Sasa sahani hizo zinaunganishwa kwenye darubini ya SKA, itakayokuwa na sahani 197 huko Karoo, mradi ambao Kenya na Msumbiji ni miongoni mwa nchi washirika wa Afrika. Zikipatikana pulsa za kutosha katikati, kesi itakwisha. Zikitafutwa kwa bidii zikakosekana, itabidi vitabu vya fizikia vifunguliwe upya.

Ningependa Mswahili anayesoma haya ajue kwamba hajaalikwa leo kwenye karamu hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama kwa miguu ya chuma ndani ya maji ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ikapewa jina Uhuru, na dunia nzima ya astronomia huitaja kwa jina hilo mpaka leo. Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Novemba 1972, kutoka jukwaa lilelile ikapaa SAS-2, iliyobeba chombo cha miale ya gama. Malindi ilichaguliwa kwa kuwa karibu na ikweta, ambako setilaiti inaweza kupewa njia inayokwepa mionzi mingi inayovuruga vipimo. SAS-2 iliishi miezi saba tu kabla umeme wake haujaharibika, lakini katika miezi hiyo ilichora mkanda wa Njia Nyeupe kwa gama kwa undani ambao haukuwahi kupatikana. Kabla yake, setilaiti ya OSO-3 ilikuwa imeambulia fotoni 621 kutoka anga zima. Na tangu 2007 hadi 2024, setilaiti ya gama ya Italia iitwayo AGILE ilikuwa ikiteremsha data zake kwenye kituo cha Malindi kila ilipopita, na kutoka hapo zikapelekwa Ulaya kusomwa.

Kusomwa huko ndiko kunakoniuma. Bahari yetu, ikweta yetu na usiku wetu vimeitumikia elimu hii kwa zaidi ya nusu karne, lakini majina ya wasomaji wetu ni machache mno kwenye kurasa zake. Kisingizio cha zana hakitoshi tena. Goodenough na Hooper hawakuwa na setilaiti, wala hawakuwa katika kundi lililoiendesha. Agosti 2009 data za Fermi zilifunguliwa kwa umma, na miezi miwili baadaye walikuwa wameandika. Data hizo bado ziko wazi, kila fotoni na nishati yake na upande ilikotoka, na zinaongezwa mfululizo. Programu za kuzichambua nazo hutolewa bure. Mwanafunzi wa fizikia aliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura, mwenye kompyuta na intaneti ya kuvumilia, anaweza kuanza wiki hii kazi ile ya kutoa kimoja kimoja, akakuta ile ziada kwa mkono wake mwenyewe, na akajaribu kumtafuta mwenyewe wa mwanga ule. Walimu, waambieni.